Farasi Aliyesimamishwa na Vigelegele

Ombaci, Arua
Jumatatu jioni

Kwa Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta umeketi barazani kwako Koboko, umekula, umepumzika, na lile goti lako limetulia. Je, dawa ya kuchua niliyokutumia inakusaidia, au umeshaigawa kwa majirani kama ile ya mwaka jana? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, isipokuwa bega la kulia linaniuma na sauti imenikauka, na sababu zake utazisoma humu. Kigoda ulichoniagiza nimekipata, cha mti mgumu, miguu minene. Mpaka leo sijaelewa kigoda cha jikoni kinavunjikaje vipande viwili chini ya mtu mwembamba kama wewe, lakini uliponijibu kwamba mambo hayo hutokea, nikaenda tu kukitafuta.

Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu simu yako naijua. Nikitaja tu neno farasi, mtandao wa Koboko unaharibika papo hapo, na nikipiga tena naambiwa umekwenda kuswali, hata kama ni saa nne asubuhi. Barua haikatiki. Ukiitupa, Shangazi Kaltumu ataiokota na kuisoma kwa sauti, na hilo hutalipenda.

Sijasahau maneno yako nilipoacha duka na kuja huku kwa Daktari Ondoga kufundisha watoto kupanda farasi. Ulisema mwanamke wa Kinubi hapandi mnyama. Ulisema babu zetu walifika nchi hii na jeshi, na hata wao walikuja kwa miguu. Nilipomkataa Hamuza wa duka la misumari ukaongeza kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nawe tangu siku hiyo hujakanyaga hapa Ombaci, hata siku moja, hata kuchungulia tu langoni. Sawa. Nilikubali. Nikasema Mama ana msimamo wake, mimi nina Kapteni wangu.

Kapteni, kama hukujua (nami nitarudi kwenye jambo hili la kujua na kutojua), ni yule farasi wa rangi ya kahawia mwenye mguu mmoja mweupe. Ni mali ya Daktari Ondoga, lakini mimi ndiye niliyemfundisha tangu alipokuwa hajui hata kuvaa tandiko. Kiangazi kilichopita nyasi za huku zilikauka zote, basi Daktari akakubali tumpeleke Lurujo, kwa kaka Shafiki, akale kwenye lile bonde lake mpaka mvua zirudi. Nilimwagiza Shafiki mambo mawili tu: ampe maji, na amwache apumzike. Akaniapia.

Mvua ziliporudi, Kapteni naye akarudi, amenenepa, anang'aa, na ana ugonjwa mpya. Anasimama. Unakwenda naye vizuri, ghafla anaganda kama nguzo, kichwa chini, miguu pamoja, na huwezi kumsogeza kwa hatamu wala kwa kumwomba. Siku moja tulipita Ediofe harusi ikitoka kanisani, akasimama katikati ya barabara, bodaboda zikatupigia honi mpaka nikatamani ardhi inimeze. Siku nyingine alisimama karibu na shule wasichana wakishangilia mpira. Daktari Ondoga, ambaye ametibu wanyama wa West Nile maisha yake yote, alimkagua kwato, meno, macho, mgongo. Hakuona kitu. Hakuna kati yetu aliyefikiria masikio.

Basi Daktari akaniita, akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha, kwamba farasi anayesimama ghafla mbele ya kiunzi cha kuruka humrusha mtu kichwa mbele, naye hataki kuzika mtoto wa mtu. Alikuwa ameandaa mashindano hapa shambani kwake, na watu wa Kampala walikuwa wanakuja na farasi wao kwenye lori. Akasema Kapteni akimaliza awamu zote tatu, atabaki. Akitolewa, lori hilo litarudi naye Kampala, akatembeze wageni kwa kamba maisha yake yote. Nilimsihi. Akasema amekwisha kusema. Usiku huo sikulala, Mama, kwa sababu farasi huyu nampenda, nalisema wazi, usikunje uso.

Mashindano yenyewe yako hivi. Awamu ya kwanza ni ya adabu: unaingia peke yako kwenye uwanja uliozungushiwa kamba, farasi anatembea, anakimbia mbio ndogo, anageuka unapotaka, na wewe huruhusiwi kufungua mdomo. Ya pili ni ya porini, mnakimbia na kuruka magogo, mitaro na kijito. Ya tatu mnarudi uwanjani kuruka miti iliyopakwa rangi, na ukiangusha mti unapoteza alama. Huko porini farasi akigoma mbele ya viunzi mara tatu, anatolewa, hana awamu ya tatu.

Jumamosi asubuhi nimevaa kofia ngumu, nimejitanda vizuri, nimesoma dua zangu zote, namwona nani langoni? Shangazi Kaltumu na Mama mdogo Jamilah, wamejifunga gurbaba, zile nguo zao za Kinubi za sikukuu, wamekuja na Shafiki. Wakaniambia goti lako limekukataza kuja na wewe ndiye uliyewatuma. Nilifurahi, wallahi. Furaha yangu ilikaa mpaka nilipoingia uwanjani, kimya kimetanda, waamuzi wameshika kalamu, nao wakanipigia vigelegele ambavyo nadhani vilisikika mpaka mpakani. Kapteni akaganda. Katikati ya uwanja. Kengele ikalia. Nikamsukuma kwa miguu, nikasali, nikatabasamu kwa waamuzi kama mtu aliyepanga iwe hivyo. Mwishowe alitembea, lakini alama zangu hata sitaki kuzitaja.

Hapo ndipo nilipoelewa kinachomsimamisha. Nilikimbia kwa Shangazi, nikamweleza kwa heshima zote kwamba farasi huyu anasimama kila akisikia vigelegele, kwa hiyo tafadhali wanyamaze. Shangazi akanitazama kama nimemtukana. Akasema, "Sisi natoka Koboko mpaka hapa, halafu unasema tunyamaze? Hapa iko matanga?" Mama mdogo akaniambia mtoto akishindana bila vigelegele watu watasema hana kwao. Shafiki alikuwa pembeni akitazama viatu vyake. Ningepaswa kuviuliza vile viatu.

Porini tulianza vizuri mno. Gogo la kwanza aliruka, mtaro aliruka, nikaanza kuimba moyoni. Kumbe kando ya njia kulikuwa na wanawake waliokuwa wakipalilia mihogo. Walipoona mwanamke juu ya farasi wakatupa majembe na kupiga vigelegele. Siwalaumu, hawakuwa na kosa. Kapteni akagoma mbele ya kiunzi, nami nikabaki nimening'inia shingoni mwake, na hapo ndipo lilipoteguka bega. Mara ya kwanza. Tukarudia, tukaruka. Mara ya pili ilikuwa kwenye kijito, na huko hapakuwa na shamba la mihogo. Palikuwa na Shangazi Kaltumu na Mama mdogo Jamilah, ambao walikuwa wamekodi bodaboda ili wanifuate! Nilipiga kelele ambazo Mungu anisamehe. Shangazi alinijibu kwa kigelegele kingine.

Tukavuka kijito. Ilibaki nafasi moja, na viunzi vichache. Nilikuwa nalia na kukasirika kwa pamoja, namwambia Kapteni yazibe masikio, baba, yazibe. Tukatoka kwenye miti, tunakaribia shambani, na sasa, Mama, sikiliza vizuri kilichotokea, maana hukuwepo lakini ulikuwepo. Tombe, yule mtangazaji wa kipaza sauti, akatangaza kwamba mama wa mshindani ametuma ujumbe wa sauti kutoka Koboko. Shafiki alikuwa amempa simu yake. Sauti yako ikatoka kwenye spika mbili kubwa, na ulichotanguliza ni kigelegele kirefu ambacho sijakusikia ukikipiga tangu harusi ya Shafiki.

Kapteni akasimama. Bahati ni kwamba kiunzi kilikuwa bado mbali mbele yetu, basi kusimama huko hakukuhesabiwa, ila muda ulikuwa unakwenda na yeye hakuwa anakwenda. Aliinua kichwa. Masikio yote mawili akayaelekeza kwenye spika. Nikasema moyoni, kwaheri, rafiki yangu, Kampala ni mji mzuri. Ndipo sauti yako ikaendelea, ukanitakia heri, ukaniambia nisidondoke, kisha ukasema mbele ya Arua nzima, "Na wewe Sukari, enda na yeye polepole. Muwa yako iko."

Sukari! Hapa hakuna mtu anayemwita Sukari. Lakini yeye aliitika. Alikoroma, akaondoka chini yangu kama mtu aliyeitwa kula, akaruka kiunzi hicho na vilivyofuata bila kugusa hata ukoka, nami juu yake nimeshika manyoya kwa mikono miwili, mdomo wazi, nikijiuliza mama yangu anajuana na farasi wangu tangu lini.

Awamu ya tatu nisingependa ikumbukwe, lakini Tombe ameirekodi. Kila Shangazi alipopiga kigelegele, na alipiga kwa kila kiunzi, ilinibidi nipaze sauti kuliko yake, "Sukari, enda na yeye polepole! Muwa yako iko!" Watu wa Kampala walikufa kwa kicheko. Tukaangusha mti mmoja. Katika waliomaliza tulikuwa wa mwisho kabisa, lakini tulimaliza, Mama, tulimaliza! Daktari Ondoga alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Akasema farasi huyu hana ugonjwa wowote, amefundishwa vizuri na mtu mwingine. Lori likaondoka bila Kapteni.

Mtu mwingine huyo ni nani? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilimbana Shafiki kwenye ukuta wa banda, na kiapo chake kikayeyuka. Akanieleza kwamba kiangazi chote farasi wangu, niliyedhani amelala kwenye nyasi, alikuwa anabeba mabwana harusi wa Koboko, kila wikendi, mpaka Ramadhani ilipoingia. Anambeba bwana harusi hadi mlangoni kwa bibi harusi, wanawake wanapiga vigelegele, yeye anasimama wima mpaka mtu ashuke, na kwa kusimama huko anapewa kipande cha muwa. Wa kumpa muwa ni wewe. Wa kumfundisha ni wewe. Shafiki aliinua mikono akasema, "Mama ndiye alisema. Mimi nakataa namna gani?" Mama! Wewe ambaye neno farasi linakukatia simu! Nilikuwa karibu kumpoteza rafiki yangu kwa sababu ya muwa wako!

Nilikuwa nimekasirika kiasi cha kutaka kupanda gari la Koboko usiku ule ule. Lakini Shafiki, akijua nitakwenda, akaona amalize yote. Akaniambia kulikuwa pia na zile Ijumaa jioni, wafanyakazi wakishaondoka shambani. Akaniambia ulikuwa unatoka Koboko mpaka Lurujo na kigoda chako cha jikoni, ukiwaambia majirani unakwenda kusaidia kilimo. Unakiweka kando ya farasi, unapanda kigoda, kisha unampanda farasi, umekaa upande na gurbaba yako imekufunika miguu, na Shafiki anamvuta kwa kamba kuzunguka shamba la mtama. Ijumaa nyingi, alisema. Mpaka siku ile ya kushuka, kigoda kilipovunjika.

Kwa hiyo goti hilo si baridi kama ulivyodai, Mama. Asiyesikia la mkuu, sijui wewe mkuu wako nani.

Nilimuuliza Shafiki ulikuwa unasema nini huko juu. Akasema mara ya kwanza mlizunguka shamba lote, wewe ukitazama tu huku na huko. Kisha ukamwambia, "Kumbe hapa juu mutu anaona mbali. Ndiyo maana Kadijah hataki kushuka." Shafiki aliyasema hayo kama mtu anayesema habari za mvua, kisha akaenda kula. Mimi niliingia bandani, nikaweka uso kwenye shingo ya Kapteni, nikalia mpaka manyoya yake yakalowa. Miaka yote hii nilidhani nimekupoteza kwa ajili yake. Ungeniambia tu. Mbona hukuniambia tu?

Bado nimekasirika, usidhani yamekwisha. Kaltumu nitamsamehe Idi ikija. Shafiki, tutaona. Nisalimie Mama mdogo Jamilah, mwambie leso aliyoisahau hapa imeliwa na mbuzi wa Daktari. Wasalimie majirani wote wa barazani, na wale mabwana harusi pia, wote, na farasi wangu anawasalimu. Daktari Ondoga anakupa pole ya goti, na anauliza kama ungependa kazi.

Kigoda kipya sitakupa Shafiki akuletee. Nimekiweka hapa kando ya banda, upande wa kupandia. Ukikihitaji, kifuate. Njoo na muwa.

Mwanao asiyesikia,
Kadijah