Mbwa Aliyetangulia

3 Machi

Dada yangu mpendwa,

Natumaini hujambo, baba hajambo, na mgongo wako umetulia. Mimi mzima, ila magoti yameanza kulalamika kama hizi lifti ninazozitengeneza.

Nina habari mbili. Ya kwanza, narudi. Miaka kumi na moja inatosha. Nimechoka kusalimiana na watu ndani ya sanduku la chuma. Ya pili, sirudi sasa hivi. Mkandarasi ameniongezea miezi mitano, maana jengo lina lifti sita na ni mimi peke yangu ninayejua tabia zake. Tatizo ni mbwa wangu, Pamba. Cheti chake cha chanjo kinakwisha mwezi huu, na kupata kingine ni kupanga foleni upya mpaka mwakani. Kwa hiyo anatangulia. Atakuja na mpishi ninayekaa naye chumba kimoja. Anarudi kwao, na hapo kwenu ni njiani.

Samaki hali. Mkate ukimpa ataupokea kwa heshima kisha ataenda kuuficha, kwa hiyo usishangae ukiukuta ndani ya kiatu. Ngurumo inamtia hofu. Asubuhi, kabla hajala, anataka kukunwa nyuma ya sikio la kushoto, lile la kahawia, la sivyo hununa kutwa. Nimefungasha na shati langu nililolivaa wiki nzima. Mtandikie alilalie, asije akasahau harufu yangu.

Najua baba na mbwa hawaivi. Mwambie ni miezi mitano tu. Msalimie, hata kama hatajibu.

Mdogo wako

———

19 Machi

Kwako mdogo wangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Mgongo wangu, ulioupa nusu mstari, haujambo. Sikio la kushoto la mbwa naona lilipata zaidi.

Mgeni wako kafika. Mpishi alimshusha hapa dukani saa ya chai, wateja wakiwa foleni na vikapu vyao vya nguo. Akaingia, akapita meza za kupigia pasi moja baada ya nyingine, akanusa ndoo ya wanga, akaketi katikati ya mlango. Mwalimu wa nyumba ya pili, yule wa mashuka ya kila Jumatatu, akaniuliza, "Huyu ndiye meneja mpya?" Jina likashika. Hilo lako sitaliweza. Pamba nashinda nayo kutwa, sitaki tena kuiita ije.

Shati nimelifua. Usinikaripie. Miaka ishirini nimekuwa dobi. Mtu akinipa shati linalonuka, mikono huenda yenyewe. Nimelifua, nikalitia wanga, nikalipiga pasi, na kifungo cha tatu kilichokuwa kimelegea nimekikaza. Mbwa alilinusa, akanitazama kama mtu aliyeletewa nguo isiyo yake, akaenda kulala kwenye zulia. Jioni hulia mlangoni.

Baba je? Wewe unajua alisoma mita za maji kwa miaka thelathini, na hakuna mbwa wa mji huu ambaye hajaonja suruali yake. Na unajua tangu tumzike mama bila wewe, jina lako halijapita mdomoni mwake. Alipomwona mbwa alisema tu, "Kafanana na mwenyewe. Kaja kazi imekwisha." Nikamwambia, "Huyu angalau kaja."

Halafu kuna jambo nitalisema mara moja, nisilirudie. Juzi nilipanga picha ulizotutumia miaka yote hii. Ziko kumi na nne. Kumi na mbili ni za mbwa. Meno yake nayajua kuliko uso wako.

Dada yako

———

2 Aprili

Dada mpendwa,

Hamjambo? Mimi mzima.

Natuma shati la pili, limo ndani ya mfuko wa nailoni. Usilifue. Usiliroweke, usilianike, usilining'inize hata dirishani. Mpe kama lilivyo.

Bado analia? Analia kwa sauti nyembamba au ile ya kukoroma? Anakula? Kinyesi chake kigumu? Nani anamtembeza? Anaitwa Pamba, dada. Si mtumishi wa duka.

Kuhusu maziko ya mama, pasipoti yangu ilikuwa kabatini kwa mkandarasi, na mkandarasi alikuwa safarini. Hilo nililiandika wakati ule. Baba analijua.

Mdogo wako

———

11 Mei

Mdogo wangu,

Za huko? Huku kwema. Mvua imetushika, nguo hazikauki, wateja wote wamekuwa wakali.

Meneja halii tena. Kinyesi ni kigumu, na aliyenifanya nikiangalie Mungu anamwona.

Sasa sikiliza ajabu. Tangu msiba baba hakuwa anatoka; alikuwa na kiti chake cha dirishani, mimi na daktari wa mguu tukamsihi mpaka tukachoka. Wiki ya tatu ya mbwa hapa, asubuhi moja baba akamwona amebeba kiatu chake. Alikuwa ameficha mkate humo, sasa anautafuta. Baba akamnyang'anya kiatu, akakung'uta makombo, akabaki nacho mkononi. Kisha akakivaa. Akatafuta cha pili. Wakatoka.

Tangu siku hiyo kila siku saa kumi na mbili asubuhi wako barabarani. Wanapita njia yake ile ile ya kazi, nyumba kwa nyumba, baba anasimama kwenye kila mita anainama kuisoma ingawa hakuna aliyemtuma. Anamwonyesha Meneja mbwa waliomng'ata, au wajukuu zao. Nilimsikia kwa masikio yangu: "Ukoo wa huyu ni mbaya, usimwamkie." Jioni mbwa analala amekunja shingo juu ya miguu ya baba, na baba hasogei hata akitaka maji. Ananiita mimi nimletee.

Nilidhani utafurahi kusikia.

Dada yako

———

29 Mei

Dada,

Natumaini mu wazima.

Nimefurahi. Barua yako niliisomea ndani ya lifti, kati ya ghorofa ya saba na ya nane. Niliikwamisha mwenyewe ili nisome kwa nafasi, watu wakawa wanagonga huko chini.

Kwenye miguu ya baba? Mbona kwangu hakuwahi kulala miguuni. Miaka sita alilala mlangoni. Nilikuwa nawaambia watu ni mlinzi, kumbe alikuwa anatafuta njia ya kutokea?

Shati la pili hujalitaja. Analilalia au halilalii? Nijibu hilo kwanza. Na akiitika hilo jina lenu jipya usimtazame, ataacha. Baba akitaka matembezi anaweza kutembea peke yake, miguu ni yake.

Soma hapo juu uone nilivyoandika. Sifuti. Kwa miaka kumi na moja baba hajaniandikia hata "nimepokea", na mbwa wangu anapewa historia ya ukoo wa kila mbwa wa mtaa. Chumbani kwangu kuna bakuli lake tupu na mimi.

Mdogo wako

———

20 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi hatujambo.

Umeuliza shati. Nimelifua. Mara ya kwanza ilikuwa mikono, mara ya pili ilikuwa mimi. Nilifungua ule mfuko wa nailoni, mbwa akaja mbio kutoka uani, akaingiza kichwa chote humo na kutetemeka. Nikalichomoa, nikalitia sabuni mara mbili. Wakati huo alikuwa ameanza kunifuata hadi kwenye kamba za kuanikia, ananitazama nikibana nguo kana kwamba kazi yangu ni jambo la maana. Hakuna aliyewahi kunitazama hivyo. Basi nikalifua.

Sasa na wewe nijibu. Mpishi alipita hapa kuchukua koti alilolisahau, akakaa, akanywa chai, akaropoka. Anasema umeshatia sahihi kazi katika ule mji wa maghorofa, mwendo wa saa nane kwa basi kutoka hapa. Kwa hiyo unarudi kwetu, au unarudi karibu na kwetu? Na mbwa anabaki na nani?

Dada yako

———

6 Julai

Dada,

Mpishi ana mdomo. Ni kweli. Hapo kwenu jengo refu ni la posta, nalo lina ngazi. Mimi ni fundi lifti.

Nitafika tarehe 9 Agosti, nitakaa siku saba, kisha nitaondoka na mbwa wangu. Ni wangu, dada. Nilimtoa chini ya shimo la lifti akiwa mdogo kama soksi.

Siku hiyo nakuomba usimwogeshe. Na mimi usinifulie chochote mpaka aninuse.

Mdogo wako

———

27 Agosti

Kwako mdogo wangu,

Natumaini ulifika salama, wewe na mzigo wako. Sisi wazima, kwa maana ya kwamba hakuna anayeumwa.

Nilitaka akusahau. Nimeshaandika, basi. Ulipotokea mlangoni na hilo begi niliona anakunusa kama anavyowanusa wateja, moyo wangu ukaruka kwa furaha, Mungu anisamehe. Halafu akapiga ukelele kama wa binadamu. Akakukojolea viatu, akagaragara, akajigonga kwenye ndoo, akarudi kukukojolea tena. Mimi nilikuwa na pasi mkononi. Kola ya shati la hakimu ina alama mpaka leo. Nikamwita, "Meneja." Hakugeuza hata sikio. Ukatabasamu. Ulidhani sikukuona.

Lakini sikuandika kwa ajili ya hilo. Naandika kwa ajili ya baba. Kwa siku saba alisema nawe kwa kupitia mbwa. "Meneja, mwambie huyo mgeni chai inapoa." Nawe na ndevu zako zote ukajibu, "Pamba, mwambie nakuja." Mimi nikiwa na chupa ya chai hapo katikati, sina hata wa kunitafsiria. Siku ya nne alisema, "Muulize huko alikuwa anakula nini." Ukajibu kwa saa nzima, na mbwa alisinzia baba bado anasikiliza. Siku ya sita akasema, "Mwambie mama yake alimwulizia mpaka mwisho." Ukainuka ukaenda uani, na uliporudi macho yalikuwa mekundu ukasingizia sabuni yangu.

Siku ya nane ukamfunga kamba mkaondoka. Hakuangalia nyuma, huyo mbwa. Uliangalia wewe. Baba amerudi kwenye kiti cha dirishani. Jana nilimwambia, "Tumwandikie kijana barua?" Akasema hana la kusema. Alikuwa nalo, ila aliyekuwa akilipeleka umeondoka naye.

Siandiki ili umrudishe. Ila ukimrudisha sitakufungia mlango.

Dada yako

———

10 Septemba

Dada yangu,

Hujambo wewe? Nimeanza na wewe makusudi.

Tumefika salama. Chumba kiko ghorofa ya tano, lifti yake mbovu, nimeitengeneza bila kuombwa. Mbwa anakula nusu. Nikimwita Pamba anakuja, lakini taratibu, kama karani aliyeitwa dakika tano kabla ya kufunga ofisi. Juzi nilipoona hakuna anayenisikia nilijaribu kumwita lile jina lenu. Alikuja mbio. Sitaki kulizungumza zaidi.

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi anaketi mlangoni na kiatu changu mdomoni. Navaa, tunatoka. Hataki kwenda uwanjani wanakokwenda mbwa wengine. Anafuata kuta za nyumba, na kwenye kila mita ya maji anasimama. Hasogei mpaka niiname niisome. Jana mama mmoja alitoka na risiti zake zote, akidhani nimetumwa kumkatia maji. Nikamwambia hapana mama, ni mbwa tu ameshazoeshwa na mtu mwingine. Akaniuliza mtu gani. Nikainama, nikaisoma mita yake upya.

Simrudishi. Najua umesoma mpaka hapa ukingoja hilo. Hapa simjui mtu, na jioni ananiangalia tu kana kwamba nimewaficha watu wengine chumba cha pili, lakini simrudishi.

Mwambie baba… Hapana, usimwambie kitu.

Mdogo wako

———

2 Oktoba

Mdogo wangu,

Mimi sijambo. Asante kwa kuuliza; niliusoma mstari ule mara mbili nikiwa nimesimama.

Barua hii amekuletea baba mwenyewe. Ameiweka mfuko wa ndani wa koti. Ile yako nilimsomea yote, hata pale ulipokataza. Nilipofika kwenye mita akasema, "Rudia hapo." Nikarudia mara nne. Kesho yake akanipa shati lake nilipige pasi, akasema anasafiri, anakwenda kumwona mbwa. Saa nane kwa basi, mguu ule, mtu ambaye hata uwanja wa ndege hakukusindikiza. Wiki nzima kila anayekuja dukani anamwambia: mwalimu, hakimu, daktari wa mguu. "Nakwenda kumwona mbwa." Nami nikaitikia, mbwa, ndiyo, mbwa.

Jana tulikwenda kukata tiketi. Karani wa dirishani akamuuliza, "Mzee, huko unakwenda kwa nani?" Baba akasema, "Kwa mwanangu." Hivyo tu, kama neno la kila siku. Nilikuwa pembeni nimeshika begi. Miaka yote hii nani anampeleka kwa daktari, nani anamletea maji akilaliwa miguu, na "mwanangu" imekwenda kwako. Nadhani nilivuta pumzi kwa sauti, maana karani akanitazama akauliza, "Na huyu?" Baba akajibu, "Huyu ndiye mwenye nyumba. Mimi nikitaka kutoka namuaga yeye."

Tangu jana nalizungusha hilo kichwani wakati nafua, nikilitafutia kasoro. Bado sijaipata. Wivu nao haujaisha, usije ukajidanganya.

Sasa maelekezo, maana nawe ulinipa yako. Dawa ya mguu ni asubuhi, baada ya kula. Chai bila sukari, atakudanganya kuwa daktari ameruhusu. Mbwa akimkimbilia yeye kwanza kabla yako, usinune. Na akianza kusema na mbwa, wewe mjibu yeye, usimjibu mbwa.

Atakaa siku kumi. Siku ya kumi na moja asipoonekana hapa nafunga duka nakuja mwenyewe, na mimi sitasema nimekuja kumwona mbwa.

Dada yako