Vidonge Tulivyompa Rula

Jumatatu, 3 Machi

Goti la kulia la Rula limejaa maji. Kasema mwenyewe, saa mbili asubuhi, alipokwama kwenye ngazi kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Lifti imekufa tangu Januari.

Ni msanifu wetu wa kurasa hapa gazetini. Ana miaka hamsini na minane, na bado anapima safu kwa rula ya chuma mbele ya kompyuta inayojipimia yenyewe. Hakuna anayemwita kwa jina lingine.

"Bibi Mahakama, unacho kile kidonge chako cha mgongo?" akaniuliza. Ndivyo wanavyoniita, kwa kuwa ninaandika habari za mahakamani.

Ninacho. Diklofenaki, niliyoandikiwa na daktari wangu. Nimempa viwili. Kaniomba nisimwambie mtu — mkurugenzi mpya anatafuta sababu ya kumpumzisha, na toleo la miaka hamsini ya gazeti linatoka tarehe 15. Nikamwambia nimetunza siri za majaji, sembuse goti.

Jumatano, 5 Machi

Goti limenywea. Amepanda ngazi zote bila kushika ukuta, nimeona kwa macho yangu. Anajigamba kama bwana harusi!

Nimemletea karatasi nzima ya vidonge kumi. Mimi huandikiwa vya aina mbili: cha maumivu, na cha kukinga tumbo kinachotangulia kabla ya kula. Nilimtajia hicho cha pili. Akajipiga kofi tumboni. Hili linasaga misumari, dada yangu, cha kukinga wape wahariri. Tulicheka. Sikusisitiza.

Jumatatu, 10 Machi

Kurasa 64. Zimebaki 31. Rula hainuki kitini. Nimemwekea karatasi ya pili ya vidonge kando ya kibodi, tukapeana ishara ya kichwa tu.

Mchana hakula. Hana hamu, kasema.

Mhariri wa michezo — Kocha kwa wote — alipita akampigia mluzi: mzee, leo unakimbia kama winga! Rula akanikonyeza. Nikadhani siri ni ya wawili.

Alhamisi, 13 Machi

Kurasa zote zimefungwa, saa kumi na dakika ishirini alasiri. Katangaza mhariri mkuu. Makofi.

Rula amepauka. Jasho juu ya mdomo, mikono baridi. Nikamuuliza kulikoni. Akasema amekwisha kuwa gazeti mzima mzima, hata chooni siku hizi anatoa wino. Cheusi ti! Kocha alicheka mpaka akakohoa. Nami nikacheka. Kisha nikarudi kumalizia habari yangu ya mahakamani, maneno mia nne.

Ijumaa, 14 Machi

Rula ametapika damu. Kanipa habari mlinzi wa getini, saa moja na nusu asubuhi. Ndiye aliyemdaka alipoanguka, kabla hajapanda hata ngazi moja.

Teksi. Hospitali kubwa, wodi ya wanaume, kitanda cha pili kutoka dirishani. Ameongezewa chupa moja ya damu, baadaye ya pili. Daktari wa zamu, mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo, anasema anavuja damu tumboni, huenda ni kidonda, na presha iko chini mno. Akauliza anatumia dawa gani.

Mkewe akajibu. Wifi yangu, ndivyo ninavyomwita. Hatumii kitu, daktari, huyu hata kidonge cha malaria mpaka nimfukuze nacho nyumba nzima. Daktari akamwinamia Rula: kweli? Rula akatikisa kichwa. Hakuna. Kisha akanitazama.

Nilikuwa hatua mbili kutoka kitandani.

Niandike sawasawa: niliulizwa nikiwepo, nilijua jibu, sikusema.

Na ile habari ya choo. Miaka tisa iliyopita, kwenye uchunguzi wa kifo, daktari shahidi alieleza mbele yangu: choo cheusi kama lami, hiyo ni damu iliyokwisha kupita tumboni. Niliandika neno kwa neno. Ilitoka ukurasa wa tano. Rula ndiye aliyeupanga ukurasa huo. Jana sote wawili tulisimama pale tukicheka.

Jumamosi, 15 Machi

Toleo limetoka. Mafurushi yapo mapokezi na kamba zake.

Asubuhi nimezunguka meza kwa meza na daftari, nikiuliza nani mwingine alimpa Rula dawa. Kocha kwanza. Alikana, kisha akavuta droo: ibuprofeni, viwili kwa siku, tangu katikati ya Februari. Rula alimwomba asimwambie mtu, hasa mimi. Katibu muhtasi: aspirini ya kuyeyusha kwenye maji, glasi moja kila asubuhi. Alidhani ni ya kichwa. Dereva: alimpeleka duka la dawa akachomwa sindano moja. Ya nini, hajui.

Kila mmoja alidhani yuko peke yake. Nimempigia mfamasia, nikamsomea majina ya dawa. Kasema vidonge vyote ni ukoo mmoja, na hata kimoja peke yake kinaweza kutoboa tumbo.

Kocha alinifuata hadi kwenye ngazi.

"Bibi, ukiipeleka orodha hiyo hospitali, mkurugenzi ataipata. Rula harudi kazini tena. Na sisi je?"

"Andika jina lako mwenyewe au nikuandikie."

"We mwanamke una roho ngumu."

Akaandika.

Hospitali, saa tisa alasiri. Chupa ya nne. Daktari alisoma orodha mara mbili, kidole kikasimama kwenye aspirini. Hii inazuia damu kuganda, kasema. Akamwita muuguzi, wakanong'ona, dripu ikabadilishwa. Figo nazo zimeanza kulegea. Kisha akaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba hii aliihitaji jana asubuhi.

Rula alikuwa amefumba macho. Sijui kama amelala.

Wifi alisikia yote. Akaichukua karatasi mkononi mwa daktari, akaisoma taratibu, midomo ikicheza.

"Vyako ni hivi? Ishirini na viwili?"

"Ndiyo."

"Alikuomba mara ngapi?"

"Mara moja. Vingine nilimletea bila kuombwa."

Hakulia. Hakunitukana — ningependa anitukane. Aliikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mkoba.

Kesho, Jumapili, saa mbili asubuhi wanateremsha kamera tumboni. Ikishindikana kuzuia damu, wanapasua papo hapo. Fomu ya kukubali upasuaji inataka sahihi mbili: ya mke, na ya mtu wa karibu. Nilisema nitamtafuta kaka yake Rula.

"Usimtafute mtu," akasema wifi. "Utasaini wewe. Saa moja na nusu uwe hapa mlangoni."