Jino Lililonyamaza Ndani ya Eda

Mpendwa Baba Rukia,

Habari za huko sikuulizi, maana hutanijibu, na mimi nimechoka kuuliza yasiyo na majibu. Wanaonipita barazani wananiambia, "Pole, Mama Rukia, naona sasa umepoa." Naitikia tu. Sijapoa, nimechoka. Nimechoka kupokea pole, nimechoka kukunja mikeka ya wageni, nimechoka hata kulia. Leo nataka nikueleze habari ya jino langu, lile gego la chini ulilonisindikiza kulitibu, ambalo nusura nilipoteze kwa sababu tu lilikuwa limeacha kuuma. Mwingine nikimwandikia haya ataona nimekosa la kusema. Wewe ulikuwa na lako, utanielewa.

Lako lilikuwa la mbele, la juu. Mlikuwa mnampeleka bwana harusi, mmesimama nyuma ya kigari cha kirikuu na matarumbeta yenu mdomoni, na dereva akapita tuta pale Tandika bila kupunguza mwendo. Chuma cha tarumbeta kikakugonga. Uliingia nyumbani mdomo umevimba, nami nikaanza kupiga kelele, ukaniambia, "Mie sijaumia, Mama Rukia. Tarumbeta ndo limeumia, nenda kalipe pole." Ndivyo ulivyokuwa. Mtu hajui akucheke au akuchape.

Jino likauma, likaacha, likageuka rangi ya chai ya rangi, mwisho ufizi ukatunga usaha. Tukaenda kwa daktari wa meno Mabibo, yule binti mwembamba anayeanza kila kitu kwa shikamoo. Akasafisha mzizi wa jino, akauziba. Halafu akakueleza, nami nimekaa pembeni nasikia: meno mengine ya mbele yakishazibwa mzizi huachwa hivyo hivyo yakadumu, lakini hili lako lina ufa na limeliwa sana, tena wewe kila wiki unalikandamiza kwa chuma. Lazima livishwe kofia, kifuniko kigumu cha kulishika lote.

"Daktari, acha Shaabani ipite," ukamjibu.

Hakukuelewa, pengine kwao hawana mambo hayo. Huku kwetu mwezi wa Shaabani kila mwenye mchumba anakimbilia kuoa kabla ya Ramadhani, na mpiga tarumbeta akilala nyumbani mwezi ule basi anaumwa sana au amefungwa. Ulikuwa na harusi kila Ijumaa mpaka Jumapili. Na jino lilikuwa limetulia, ukawa unaligonga kwa kucha mbele yangu. "Hili limepona, sikiliza, limekufa ganzi kabisa." Ukasema kofia ni urembo wa wenye nafasi.

Halikungoja mwezi uandame. Ulikuwa Mbagala, mbele ya nyumba ya bibi harusi, akina mama wanapiga vigelegele, nawe ukapanda kuichukua ile sauti ya juu uliyokuwa ukiringia. Hapakuwa na tuta wala mtu wa kukusukuma. Jino likakatika lenyewe. Ulirudi na kipande kwenye leso ukanionyesha bila mzaha hata mmoja, na kwa sababu hukutania, nikaogopa. Daktari alikuta ufa umeshuka mpaka ndani ya mzizi, hapana tena pa kushikiza kofia. Likang'olewa.

Tarumbeta likakugomea. Upepo ulitokea pengoni, mdomo ukawa hauna pa kuegemea, na jino la bandia ukalikataa, ukasema linatembea ukipuliza. Wenzako wakakuhamishia ngoma kubwa. "Ngoma nayo muziki," ukaniambia, na ni muziki kweli, sikatai. Lakini tangu hapo ulikuwa unacheka umeziba mdomo kwa kiganja. Miaka yote ile, Baba Rukia. Mwanamume aliyekuwa akicheka mpaka majirani wanafungua madirisha. Sikuwahi kukwambia jinsi nilivyokichukia kile kiganja.

Ndiyo maana gego langu lilipoanza kuuma, ulinikokota mwenyewe. Nilikuwa natafuna karafuu na kuomba liache, ukasema, "Vaa baibui lako twende, habari za karafuu kaulizane na pilau." Kule kliniki ulikaa benchi ukawasimulia wagonjwa vituko vya harusi mpaka baba mmoja mwenye shavu lililofura akakuomba unyamaze, kicheko kinamuumiza. Mimi ndani nakusikia, mdomo wazi, siwezi kucheka. Binti akamaliza mizizi, akaweka dawa ya kuziba ya muda, akasema nirudi kwa ajili ya kofia. Ukamwambia, "Huyu nitamleta hata kwa kamba."

Juma lile halikuisha. Presha ikakuchukua asubuhi, unafunga vifungo vya shati.

Sitaki kuyarudia ya msiba, ulikuwepo kwa namna yako. Nikakaa eda. Dada yako Mwanaidi akahamia kwetu kunikalia, na unamjua wifi yangu, akikaa mlangoni hata inzi anaomba ruhusa. Siku ya daktari ilipofika nikamkumbusha, kwa sauti ya mtu asiyetaka kukubaliwa. Akanitazama juu mpaka chini.

"Linauma?"

"Haliumi."

"Sasa mwenye eda utoke uende wapi na jino lisilouma? Watu watatusemaje sie?"

Sikubishana. Nikwambie kweli, nilishukuru. Kuvaa, kupanda gari, kukaa benchi lile lile bila wewe, kumtazama binti yule usoni. Kila nikiwaza, mwili ulikuwa mzito. Eda ilinipa mlango uliofungwa nami nikaupenda. Jino limenyamaza, mimi nimenyamaza, basi tulale. Wageni wakasema natulia vizuri, nina subira. Haikuwa subira. Sikuwa nasikia kitu chochote, si njaa, si utamu, si uchungu. Nilikuwa nakula kwa sababu Mwanaidi ananisimamia.

Hata kilicholivunja ni kichekesho. Sikuuma mfupa wala kokoto, niliuma mkate wa kumimina. Laini, wa asubuhi ile, umeletwa na jirani. Nikasikia kitu kimeachana mdomoni bila maumivu yoyote, nikapapasa kwa ulimi nikakuta pembe ya jino haipo na pamebaki ukali. Kipande nilikwisha kukimeza. Nikanywa chai juu yake nikanyamaza. Nilijua hasa kinachofuata, nilikiona kinywani mwako, na bado nikanyamaza. Nilijiambia, ling'oke tu, nani ananitazama meno sasa? Hayo ndiyo yalikuwa mawazo ya mkeo.

Mwanaidi ndiye aliyenigundua, kwa kuwa natafunia upande mmoja. Akaniamuru nifungue mdomo kama mtoto, akachungulia. Halafu akampigia simu ustadhi, mbele yangu, akamwuliza kwa ukali kana kwamba ustadhi ndiye aliyelivunja. Nikamsikia yule mzee akijibu taratibu kwamba matibabu hayazuiliwi, mwanamke aende mchana, akitibiwa arudi kwake, na tungeuliza mapema tungejibiwa mapema. Mwanaidi akakata simu. Nilidhani atatafuta la kujitetea, maana wifi yangu hakosi la kusema.

"Kaka yangu nimemzika na pengo lake," akasema. "Wewe sitaki. Vaa twende."

Alilia njia nzima, mie sikulia. Nilikuwa nimechoka mno.

Binti akanipa shikamoo, akanigongagonga jino kwa chuma chake, akapiga picha. Akasema nina bahati, limevunjika juu ya ufizi, ufa haujafika kwenye mzizi. Ningeendelea kulitafunia, lingepasuka mpaka chini, na hapo kazi yake ingekuwa kung'oa tu. Tena dawa ya muda ilikwisha anza kuachia pembeni, na ikivuja vijidudu hurudi ndani ya mizizi, kazi yote ikaanza upya.

Nikamwuliza swali lako, Baba Rukia, lile ulilokuwa ukilijibu kwa kucha. "Mbona haliumi, daktari? Mie nilidhani limeshapona."

"Mama, ule mshipa unaokwambia hapa panauma ndo tuliutoa," akasema. "Ugonjwa umetoka, lakini jino halina tena wa kukupigia kelele likielemewa. Halafu angalia. Lilikuwa limeoza katikati, mie nikatoboa tena nifike kwenye mizizi. Zimebaki kuta tu, tena nyembamba, na gego ndo linalosaga. Kila ukiuma, kuta zinataka kuachana. Kofia inazishika pamoja, mzigo unaenda jino zima. Wengine jino limebaki zima, tunaziba tu inatosha. La kwako halijabaki hivyo."

Mwanaidi akaitikia "naam" kila neno, utafikiri yuko darasani.

Akanichoma ganzi. Wakati tunasubiri ishike, akiwa anapanga vifaa vyake amenipa mgongo, akauliza kwa furaha, "Na yule baba wa matarumbeta, mbona leo hajaja kutuchekesha?"

Mwanaidi akainamisha uso. Ikabidi nijibu mimi. Nusu ya mdomo ilikuwa imekwisha lala, na neno "amefariki" likatoka limepinda, binti asilielewe. Akageuka. "Amefanyaje, mama?" Nikalisema tena, polepole, nikilishika kwa upande wa mdomo uliobaki mzima. Nimelisema neno hilo kwa watu wengi tangu uondoke, lakini siku ile ndipo nililisikia. Nikalia pale kitini, mate yananitoka, ulimi hauna habari. Binti aliweka vifaa chini akanishika mkono, hakunihimiza. Wagonjwa walisubiri nje.

Baadaye akalijenga jino kwa dawa ngumu, akalichonga pande zote, akanipa niume kitu laini kama unga uliokandwa ili achukue umbo lake, akanivisha kofia ya muda. Nikarudi tena na Mwanaidi kuwekewa yenyewe. Akaniambia niume, nifungue, niume tena, akapunguza kidogo, akaigandisha. Akanipa kioo. Huwezi kuitofautisha na mengine. Nikatazama kinywa changu muda mrefu, nikakiona kina mtu ndani.

Eda imekwisha. Mwanaidi amerudi kwake, na nyumba imekuwa kimya, sikufichi, nimemkumbuka hata ukali wake. Jana nilitoka peke yangu kwa mara ya kwanza, nikaenda Tandika kununua sabuni. Kurudi, nikapita kwa mama mmoja anayechoma mahindi. Sikuwa na njaa. Nilisimama kwa sababu miguu imechoka, nikaona haya kusimama bure, nikanunua moja. Akalipaka ndimu na pilipili akanikabidhi.

Nikaliuma kwa upande ule ule. Hakikuvunjika kitu. Na lilikuwa tamu, Baba Rukia. Tamu kweli, chumvi yake, moto wake, pilipili inapanda puani. Ndiyo mara ya kwanza kitu kuwa kitamu tangu ulipoondoka, na nikaona aibu, nikainama nisionekane, kama mtu aliyekutwa anaiba. Nilijiuliza nina haki gani ya kusikia utamu na wewe uko chini kule. Machozi yakanitoka huku natafuna. Yule mama akadhani ni pilipili, akanipa maji.

Nililimaliza lote mpaka gunzi. Kisha nikamwambia anichagulie jingine, changa kidogo.

Mungu akulaze pema. Mimi bado nimechoka, lakini nimesikia njaa, na nimeona nikwambie mwenyewe kabla hujaambiwa na mtu.

Mkeo,
Mama Rukia