Kebo Iliyoacha Kuvutwa

Mpenzi Mama Neema,

Nakusalimu kutoka Modogashe, ambako jua halijabadili tabia. Mgongo wa mama unaendeleaje? Na kikohozi cha Neema kimeisha? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio una shida, na nitakueleza.

Unamjua Kioko, mwalimu mwenzangu wa hesabu, jirani yangu hapa kwenye ploti tunayopanga. Tulinunua dishi la televisheni pamoja, na kwa kuwa fundi yuko mbali Garissa, Jumamosi tukalifunga wenyewe. Kioko ndiye aliyeng'ang'ania kebo iingie kwangu, eti yeye atakuwa anakuja tu kutazama mpira. Nikamwona ana roho nzuri kweli.

Nilitoboa ukuta chini ya dirisha, tundu la ukubwa wa kidole gumba, nikaliinamisha kuelekea nje ili maji ya mvua yasifuate waya hadi ndani. Mimi nje nasukuma kebo, Kioko ndani anavuta. Mwenye ploti, Mzee Abdi, akasikia drili, akaja kukagua ukuta wake, akaniuliza kwa lafudhi yake ya Kisomali:

"Mwalimu, mbona nabitisha waya kwako, si kwa Kioko?"

Nikamwambia Kioko mwenyewe ndiye aliyetaka.

"Haya, sawa. Yeye narudisha funguo mwisho ya mwezi. Nasema amebata transfa, naenda kwao Machakos. Wewe hajakuambia?"

Kebo iliacha kuvutwa.

Nikainama, nikamwuliza kupitia lile tundu, "Kioko, ni kweli?" Nikasikia sauti yake, "Nilikuwa nitakuambia, bro."

Niliumia, Mama Neema. Mwalimu mkuu alituambia wazi kwamba anaweza kumwachilia mmoja wetu tu. Mimi na Kioko tukapeana mkono kwamba hakuna atakayeomba uhamisho kabla ya kuletwa mwalimu wa tatu wa hesabu. Kumbe mwenzangu alishajaza fomu kitambo. Na huyu ndiye aliyenipikia uji nilipokuwa na homa, ndiyo maana inauma zaidi. Nilisukuma kebo iliyobaki, naye akavuta, tukamaliza kazi. Picha ni safi. Sijaitazama tangu siku hiyo.

Sasa nikuambie kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Nilikuambia ofisi inachelewesha uhamisho wangu. Haikuwa hivyo. Kwa sababu ya mkono niliompa Kioko, fomu yangu sikuwahi kuipeleka. Iko hapa mezani, chini ya dikoda ya lile dishi. Nilimwamini yeye, wewe nikakuficha. Nikianza kumlaani nakukumbuka wewe, naacha.

Msalimie mama, umwambie dawa ya kuchua nitampa mtu anayesafiri amletee. Msalimie shemeji anayetulimia shamba. Neema najua anahesabu wiki, maana nilimwahidi kwamba Desemba nahamia nyumbani. Usimwambie lolote. Hilo la kwamba sihami nitamwambia mwenyewe.

Nisamehe ukiweza.

Mumeo,
Baba Neema