Nani Atajibu kwa Mkono Huu

Kwa Kinyozi, Nyuma ya Stendi
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Dada Mkubwa,

Pokea salamu tele za mdogo wako, mtoto wa bahati. Kuanguka nimeanguka, kuvunjika nimevunjika, na leo mkono ni mzima kuliko nilivyozaliwa nao! Wateja foleni hadi barabarani. Je, wewe na presha yako? Shemeji na kile kikohozi? Hapa watoto wanakula na kukua, hasa kula.

Sasa kesi. Unakumbuka plasta ya hospitali ilinibana mpaka vidole vikawa baridi, nikaita weee, nesi asitokee. Hospitali ikadai kosa ni la nesi peke yake, tena ni kibarua tu, nimshtaki yeye. Nikakataa. Nesi mmoja, wodi mbili, angejipasua katikati? Hapa kwangu, fundi wa kiti cha pili akimkata mteja sikio, mteja ananifuata mimi mwenye kibao. Shule niliiaga mapema, lakini hakimu naye kasema hivyohivyo, kwa maneno marefu zaidi.

Ila nusura niiharibu mwenyewe. Mlangoni mwa mahakama, wakili wa hospitali kanisalimia kwa adabu: "Mzee, habari ya mkono?" Nami, mtu niliyelelewa nikalelewa, nikajibu, "Mzima kabisa, namshukuru Mungu."

Kumbe! Ndani akasimama: "Mheshimiwa, mdai mwenyewe amekiri kupona."

Wifi yako akanifinya. "Domo lako hilo!"

Hakimu akamtazama wakili. "Kwenu mtu akisalimiwa hujibu nini? Salamu si ushahidi. Mzee, fungua kifungo cha shati kwa mkono huo."

Nikajaribu. Ya kifungo tuyaache. Hakimu ndiye aliyesema basi, inatosha.

Hospitali imeamriwa kunitibu hadi mwisho kwa gharama yake. Nesi hadaiwi kitu. Alilia koridoni, nikamwambia amlete mumewe, kichwa kile nitakinyoa bure.

Nisalimie shemeji, mjomba, na wale pacha watukutu. Mungu awafunike nyote kwa heri, asisahau hata mmoja.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kuliko ninavyosema,
Kinyozi

Dada, nimekudanganya. Mkono haujapona. Vidole vitatu havikunjiki, mkasi sishiki, wateja wote ni wa kiti cha pili. Na mwandiko huu ni wa wifi yako.