Picha Niliyotaka Ifutwe

Kilwa Masoko,
Jumapili jioni

Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Miguu bado inakusumbua, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Najua utasema imesaidia hata kama chupa hujaifungua. Mimi mzima, alhamdulillahi, ila joto la huku halina huruma, na wodini tumebaki wauguzi wachache.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nimekutilia picha ndani ya bahasha, na hicho kitochi chako hakipokei picha. Umeshaitazama, nakujua. Haya, sasa sikiliza.

Nimejiunga na kikundi cha wapiga picha. Jumamosi tunatembea mitaani, na sharti letu ni moja tu: hakuna kumpanga mtu. Unampiga akiwa katika shughuli zake, kisha unamwonyesha. Asipoipenda, unaifuta mbele yake. Weee, si kazi rahisi! Jana kule Kivinje mama mmoja muuza mihogo aliponiona na kamera aliacha mihogo iungue, akajifunga ushungi upya, akasimama wima, kanuna kama anapigwa picha ya kitambulisho. "Haya, piga!" Nikamwambia, "Endelea kukaanga, mama." Akanijibu, "Nikaange nionekane na jasho? Una adabu wewe?" Tulicheka mpaka naye akacheka, na hapo ndipo nikampata.

Mchana tulikaa kivulini tukala wali na samaki changu wa kukaanga. Sinia moja, watu saba, wanaume kwa wanawake. Usigune, mama, vyombo havikutosha. Karibu yangu alikaa Shabani, mwalimu, Mmatumbi wa Kipatimu. Huyu sijawahi kukutajia. Mara mbili ameniomba awatume wazee wake huko nyumbani Ujiji, na mara mbili nimemkatalia. Nilimwambia mimi na ndoa basi, talaka moja inanitosha. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa.

Tulipomaliza kula, Fatma, mwenzetu wa kikundi, binti wa duka la Kihindi hapa Masoko, akaniita na kamera yake mkononi. "Dada Mwajuma, njoo ujione." Kwenye picha nacheka, macho nimeyaelekeza pembeni, na vidole vyangu vinausogeza mnofu wa tumboni upande wa Shabani. Wallahi sikujua! Ni vile vile ulivyokuwa ukimsogezea marehemu baba, huku ukizungumza mambo mengine kabisa, naye akiula. Wenzangu wakaanza: "Makubwa! Muuguzi kaugua!" Aibu ikanishika, nikapandisha sauti: "Ifute! Ifute sasa hivi!"

Shabani alikuwa akinawa mikono. Wakamwita aje aone. Hakuja. Akasema tu, "Fatma, mwenyewe hataki. Ifute, wala usinionyeshe."

Mama, kama kuna mtu angefurahi kuiona picha ile, ni yeye, na ndiye aliyekataa. Nikamshika Fatma mkono. "Acha," nikasema. Kisha nikaichukua kamera, nikampelekea mwenyewe. Aliitazama kwa muda mrefu, machozi yakamlenga, akasingizia moshi wa jiko la jirani.

Nisalimie baba mdogo, na umwambie asianze kukunja uso kabla hajaulizwa. Msalimie shangazi na biashara yake ya samaki migebuka, na mdogo wangu wa mwisho aliyerithi kitanda changu bila ruhusa. Bibi mbusu mkono kwa niaba yangu.

Mara ya kwanza niliolewa kwa sababu wakubwa walikubaliana, nami nikainamisha kichwa. Sikulaumu. Safari hii, ukisikia hodi ya wazee kutoka Kipatimu, wakaribishe ndani, mama. Nimewaita mimi.

Mwanao akupendaye,
Mwajuma