Sitaolewa kwa Tarehe ya Polisi

Jumatatu, 9 Februari 1987
Nimempeleka Lina chekechea. Nimerudi, nimepiga pasi mashati ya baba yake, nimemenya viazi. Baridi digrii kumi na nne chini ya sifuri, pua inauma.
Birgitta, mama yake Lina, ameniuliza jikoni kama nitakaa mwaka mwingine. Nikamwambia nina mchumba. Akafuta meza ambayo nilikuwa nimeshaifuta. Kisha akaleta jalada lake, akanionyesha mstari mmoja kwenye karatasi zangu. Au pair awe hajaolewa. Kwetu Tanga tungesema yaya, na yaya huolewa akitaka. Hapa Stockholm nikiolewa leo, kesho sina kazi wala kibali. Nisipoolewa, kibali kinaisha tarehe 31 Mei.
Hakuwa mkali. Aliuliza tu, "Basi ni lini?" Kama anayeuliza fundi wa bomba anakuja lini.
Mimi na Badru wenyewe hatujaulizana.

Jumapili, 15 Februari
Siku yangu ya mapumziko. Hjulsta, kwa Badru. Amepika ndizi na nyama, ameunguza nyama. Mganda huyu alivuka mpaka kwa miguu miaka sita iliyopita na sasa anasukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini. Huwa ananichekesha. Leo hakunichekesha.
Nilipomweleza ule mstari alishusha kalenda ukutani, akahesabu kwa kidole. Ramadhani inaingia mwisho wa Aprili, hakuna wa kutuozesha mwezi mtukufu. Idi itaangukia siku mbili tatu kabla ya kibali kuisha. Kwa hiyo Aprili. Jumamosi ya tarehe 11 hana zamu.
Ndivyo nilivyopangiwa harusi. Kwa zamu.
Nimekubali. Nimekaa na hasira ndani ya treni mpaka Fridhemsplan, nikabadilisha treni, nikaendelea nayo mpaka Bromma.

Jumatano, 4 Machi
Barua ya baba. Niliomba vitu viwili: karatasi ya kuthibitisha kwamba sijaolewa, na idhini yake ili mtu mwingine asimame mahali pake kwenye nikaha.
Karatasi ameituma, ina mhuri. Ameandika: "Hii nakuletea kwa sababu ni kweli, na kweli siifichi. Lakini radhi yangu haimo ndani ya bahasha hii. Huyo kijana ana miguu. Aje."
Baba ni fundi cherehani. Hakati kitambaa asichokishika.
Nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilimchukia.

Jumamosi, 14 Machi
Akalla, kwa Mama Salma. Mama wa Kimombasa, ameishi hapa miaka mingi, kila Mswahili mwenye shida ya makaratasi huishia kwenye kochi lake. Ametuandikia maswali ishirini na mbili ambayo polisi wa wageni huwauliza wanandoa. Mswaki wa mumeo rangi gani. Analala upande gani. Jana alikula nini.
"Sikiza mwanangu," akaniambia, "polisi hataki mapenzi. Ataka majibu yafanane."
Badru alikuwa anakariri. Midomo inamcheza kama mtoto wa madrasa. Mwanamume mzima, anajifunza mto wangu ni wa rangi gani. Niliona aibu, kwa ajili yake na kwa ajili yangu.
Nikasema sijui analala upande gani, na kwa kuwa sijaolewa sipaswi kujua. Mama Salma alicheka mpaka akajifuta macho. Sikucheka. Karatasi nimeiacha mezani kwake.

Alhamisi, 19 Machi
Nimeomba ruhusa, nimekwenda polisi mwenyewe. Kiswidi changu kinatosha kuuliza.
Afisa kijana, mpole. Amesema nikiolewa hapa niombe kabla ya kibali kuisha. Tutahojiwa kila mtu chumba chake. Tukifaulu, kibali cha miezi sita. Kisha sita tena. Na tena, mpaka miaka miwili. Tukiachana kabla ya hapo, nirudi kwetu.
Nikauliza: nikienda kwetu sasa, nikaolewa kwetu, nikaomba kutoka kule?
Aliinua kichwa. Akasema inawezekana, lakini nitasubiri kulekule, hawezi kuniambia muda gani, wala kuniahidi jibu. Akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba mtu aliyeko ndani kwa kawaida hatoki.
Najua. Ndiyo maana niliuliza.

Jumapili, 22 Machi
Tumegombana vibaya. Niandike vizuri, nisije baadaye nikajidanganya.
Nilimwambia sitaolewa Aprili. Kibali kikiisha nitaondoka. Akinitaka aje Tanga, amtazame baba usoni, aseme anachotaka. Sitaki harusi ya kukimbizana na mhuri. Sitaki kila nikimkasirikia mume wangu nihesabu kwanza imebaki miezi mingapi.
Alidhani natania. Kisha akasimama dirishani, akanipa mgongo.
"Wewe hujawahi kufungiwa mpaka," akasema. "Mimi nilitoka nyumbani nikidhani ni wiki mbili. Nilimwacha mama yangu anachambua mchele. Mlango ukiwa wazi, mtu haendi nje kuujaribu."
Mama yake alikufa hajamwona tena. Najua hilo, na bado nikasema sibadili.
Akasema nina kiburi. Nikasema ndiyo.
Nilisahau kitambaa changu cha shingo. Sikurudi kukichukua.

Jumatatu, 23 Machi
Hajapiga simu. Sawa.

Jumatatu, 30 Machi
Hajapiga. Mama Salma ndiye aliyepiga. Anasema nachezea riziki, wasichana wengi wanaililia nafasi yangu. Waililie. Mimi sikuwaziba midomo.
Naogopa. Hilo sijamwambia mtu.

Jumamosi, 11 Aprili
Leo ningeolewa. Nimeyeyusha barafu ya friza, nimeisugua ndani kwa magadi. Lina alinisaidia kwa kijiko, akarusha vipande vya barafu bafuni. Chakula cha mchana sikukitaka.

Jumamosi, 9 Mei
Ramadhani. Jua la huku halina haraka ya kuzama. Nafunga, napika, naonja chumvi kwa ncha ya ulimi na kutema. Birgitta anasema nitaanguka. Sijaanguka.
Alasiri kengele ililia. Badru. Amekuja na sare ya kazi ndani ya koti, midomo mikavu, naye amefunga. Wiki saba hatujaonana. Hakuingia ndani. Alisimama ngazini akitazama viatu vyake.
"Nimeomba likizo," akasema. "Agosti, wiki nne. Hati yangu ya kusafiria inaniruhusu Tanzania. Mwambie baba yako sili pilipili."
Nikamuuliza kama bado ana hasira. Akasema sana. Akasema atasafiri nayo.
Tulisimama pale kama wadai wawili. Nilitaka kumgusa mkono. Mwezi wa Ramadhani, nikauacha.

Jumapili, 31 Mei
Uwanja wa ndege, Arlanda. Birgitta amenileta kwa gari mwenyewe. Njiani akasema, bila kunitazama, kwamba yeye aliolewa kwa sababu walikuwa wamepata nyumba. Nikamshukuru.
Lina aliniuliza kwa Kiswidi nitarudi lini. Nikamwambia sijui. Akasema basi, akaendelea kula andazi lake la mdalasini.
Afisa alitazama kibali, akatazama tarehe. Siku ya mwisho. Akanigongea mhuri.
Nimetoka kwa miguu yangu.

Ijumaa, 14 Agosti. Tanga
Nimeolewa baada ya sala ya Ijumaa. Badru alifika wiki iliyopita. Baba alimkalisha kibandani kwake siku tatu bila kuuliza lolote, akamshonea kanzu bila kumpima, kwa kumtazama tu. Siku ya nne akamuuliza swali moja: "Kwa nini hukuja mapema?" Badru akajibu kwamba aliogopa safari. Baba akanitazama mimi. Akasema, huyu hasemi uongo.
Nilikuwa nimeharibu hina ya mkono wa kushoto kwa haraka ya kutaka kuwaona wakizungumza.

Jumanne, 6 Oktoba. Dar es Salaam
Ubalozini. Badru yuko Stockholm tangu mwanzo wa Septemba. Mama mmoja wa ubalozi aliniuliza kwa nini sikuomba nikiwa kulekule, ingekuwa rahisi. Nikasema harusi yangu ilikuwa huku. Akaandika.
Aliuliza pia kuhusu mswaki. Nikamwambia Badru aliusahau Stockholm, alitumia mswaki wa mti mwezi mzima. Kalamu yake ilisita. Kisha akaandika na hilo.

Jumatano, 23 Desemba
Hakuna jibu. Jirani ameniuliza kama nimeachwa. Nimemwambia akaribie kesho anione nilivyoachwa, nitapika bokoboko. Nimelia chooni. Kisha nimeloweka ngano.

Alhamisi, 17 Machi 1988. Hjulsta
Siku ya tisa tangu nirudi. Kibali changu ni cha miezi sita. Sita ileile. Mama Salma amenipigia kunicheka: nimezunguka dunia kufuata kitu kilichokuwa mezani. Nimemwambia ni kweli. Na ni kweli.
Badru yuko kazini mpaka saa kumi. Analala upande wa ukutani, anavuta blanketi lote.
Asubuhi nimeshuka chumba cha kufulia cha jengo. Ukutani kuna ubao wa siku na saa za zamu ya kufua, kila nyumba ina kufuli lake dogo, unalitia kwenye nafasi unayoitaka. Nafasi nyingi zilikuwa wazi. Mwanamke mmoja alikuwa anakunja mashuka peke yake. Nikashika ncha mbili, tukakunja pamoja, tukavuta, tukakunja tena. Alipoondoka nikasimama mbele ya ubao kitambo.
Nimechagua Jumanne, nikatia kufuli letu.